Wimbo, Jukwaa na Sinema: Funzo la "Sarafina!" kwa Historia Yetu

Utamaduni wa taifa haukai katika makabati ya ofisi wala katika majumba ya makumbusho peke yake. Hukaa zaidi katika vinywa vya watu, katika miguu yao wanapocheza, na katika masikio yao wanaposikiliza. Babu zetu walihifadhi mambo yaliyowapata kwa kuyaimba na kuyacheza, na kijana aliyeujua wimbo aliijua pia vita iliyouzaa. Kwa hiyo tunapouliza historia ya taifa ifundishwe vipi, hatuna budi kuuliza pia iimbwe vipi, ichezwe vipi jukwaani, na katika zama hizi iwekwe vipi katika picha za sinema.

Jambo lililotusukuma kuandika makala haya lilitokea katika mahafali ya kidato cha nne ya shule moja ya sekondari wilayani Kilolo, mkoani Iringa. Baada ya hotuba na risala, wanafunzi waliingia uwanjani kucheza sehemu za "Sarafina!", mchezo wa nyimbo uliotungwa Afrika Kusini na baadaye ukafanywa sinema. Walirusha miguu kwa mtindo wa vijana wa Soweto, wakaimba nyimbo za Kizulu ambazo wengi wao hawakuzijua maana, lakini kila mmoja alizijua tangu mwanzo hadi mwisho. Watazamaji tulishangilia. Kando yetu alikuwa amekaa mzee mmoja wa makamo ya babu zetu, mkongojo umelazwa magotini. Akatuuliza, "Wanangu, hawa watoto wanalilia nini?" Tukamweleza kisa cha wanafunzi wa Soweto waliopigwa risasi na makaburu. Akasikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa, akasema, "Ni vyema wawalilie wenzao. Na ya hapa Lugalo, je, wataicheza lini?"

Hatukuwa na jibu. Kata ya Lugalo, ambako jeshi la Wajerumani lilishindwa mwaka 1891, imo ndani ya wilaya hiyo hiyo ya Kilolo. Swali la mzee halikuwa la kuwalaumu watoto, kwani mtoto huimba wimbo aliofundishwa. Lilikuwa swali letu sisi watu wazima: walimu, watunzi, na watumishi wa serikali tuliopewa dhamana ya utamaduni. Ili kulijibu, yatupasa kwanza tuutazame huo mchezo wa "Sarafina!" wenyewe, jinsi ulivyozaliwa jukwaani na jinsi ulivyohamia katika sinema, kisha tujipime sisi wenyewe.

Chanzo cha kisa

Mwaka 1974 serikali ya makaburu ilitoa amri kwamba katika shule za Waafrika sehemu ya masomo, yakiwamo hisabati na maarifa ya jamii, ifundishwe kwa Kiafrikana, lugha ambayo wengi huku kwetu waliiita Kikaburu. Kwa wanafunzi wa Soweto hiyo ilikuwa lugha ya polisi, ya karani wa pasi na ya hakimu. Asubuhi ya tarehe 16 Juni 1976 maelfu yao waliandamana kuelekea Uwanja wa Orlando. Miongoni mwa viongozi wao alikuwa Tsietsi Mashinini wa Shule ya Sekondari ya Morris Isaacson. Polisi wakafyatua risasi. Hector Pieterson, mtoto wa miaka 12, alikuwa mmoja wa waliokufa siku ile, na picha iliyopigwa na Sam Nzima, ikimwonyesha mtoto huyo amebebwa mikononi mwa kijana mwenzake, ilienea dunia nzima. Maasi yaliendelea miezi mingi, yakasambaa katika miji mingine, na waliouawa wakahesabiwa kwa mamia.

Yafaa walimu wetu walitazame jambo hili kwa makini. Ugomvi wa Soweto ulianza darasani. Ulikuwa ugomvi juu ya lugha ya kufundishia, na nyuma ya lugha palikuwa na swali kubwa zaidi: nani mwenye haki ya kumwambia mtoto wa Kiafrika yeye ni nani na ametoka wapi? Ndiyo maana mtunzi wa "Sarafina!" hakuhitaji kutafuta mandhari ya kasri wala ya uwanja wa vita. Madawati, ubao na mwalimu mmoja vilimtosha.

Kuzaliwa kwa mchezo

Mtunzi huyo ni Mbongeni Ngema, mzaliwa wa Natal, aliyezaliwa mwaka 1955 na kufariki kwa ajali ya gari Desemba 2023. Alikuwa amekwisha kujulikana kwa mchezo wa "Woza Albert!" wa mwaka 1981, alioutunga pamoja na Percy Mtwa na Barney Simon. Kwa "Sarafina!" alikusanya vijana kutoka vitongoji vya Waafrika, wengi wao wakiwa hawajawahi kusimama katika jukwaa kubwa, akawafundisha kuimba, kucheza na kuigiza. Katika muziki alishirikiana na Hugh Masekela, mpiga tarumbeta aliyekuwa uhamishoni. Mchezo ulionyeshwa kwanza Juni 1987 katika jumba la Market Theatre mjini Johannesburg, jumba lililokuwa zamani soko la matunda, na ambalo lilifunguliwa kuwa la maigizo mwaka ule ule wa 1976.

Tukumbuke hali ya nchi ilivyokuwa. Tangu Juni 1986 hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Afrika Kusini yote. Mikutano ilipigwa marufuku, vijana walikuwa wakikamatwa bila kufikishwa mahakamani, na Nelson Mandela alikuwa gerezani, maneno yake na sura yake vikiwa vimekatazwa kuchapishwa. Katika hali kama hiyo, wanafunzi wa mchezo huu, wanaowekwa katika shule ya Morris Isaacson, wanajiandaa kwa tamasha la shule, na katika tamasha hilo wanaigiza siku ya kuachiliwa kwa Mandela. Sarafina, msichana shujaa, ndiye anayechukua nafasi ya Mandela. Maana yake ni kwamba vijana hao waliicheza mwaka 1987 siku ambayo dunia iliiona tarehe 11 Februari 1990. Mtu akituuliza sanaa ina kazi gani katika ukombozi, tunaweza kumwonyesha mfano huu mmoja akatosheka. Wimbo ulitangulia tukio, nao ukawazoeza watu kuliamini kabla halijafika.

Muziki uliotumika ni ule wa mbaqanga, muziki wa vitongoji, uliochanganyika na nyimbo za kanisani na nyimbo za maandamano. Wimbo katika mchezo huu hauwekwi kwa kustarehesha watazamaji baina ya tendo na tendo. Huo wimbo ndio tendo lenyewe. Wanafunzi wanapoomba, wanaimba. Wanapomzika mwenzao, wanaimba. Wanapokabiliana na askari, wanaimba pia. Sisi wa nyanda hizi hatuwezi kulishangaa jambo hilo, kwani hata kwetu msiba hauendi bila wimbo, na mavuno hali kadhalika.

Mchezo ulichukuliwa New York, ukaanza Oktoba 1987 katika jumba la Lincoln Center, kisha ukahamia Broadway, katika ukumbi wa Cort, tarehe 28 Januari 1988. Ulionyeshwa huko mara 597 hadi tarehe 2 Julai 1989. Watoto wa vitongoji, ambao kwao walihitaji kibali hata cha kutembea usiku miaka michache tu kabla yake, wakawa wanashangiliwa katika jiji kubwa la Marekani. Mwaka 1988 ilitengenezwa hata filamu ya kuwaeleza waigizaji wenyewe, wakisimulia maisha yao nyumbani na uchungu wa kuimba juu ya ndugu waliobaki katika moto.

Kutoka jukwaani hadi sinema

Sinema ya "Sarafina!" ilitoka mwaka 1992. Iliongozwa na Darrell Roodt, mtayarishaji akiwa Anant Singh, na maneno yake yaliandikwa na William Nicholson pamoja na Ngema mwenyewe. Leleti Khumalo, aliyekuwa Sarafina jukwaani, alibaki kuwa Sarafina. Mwalimu wa historia, Mary Masombuka, aliigizwa na Whoopi Goldberg, mwigizaji maarufu wa Marekani. Miriam Makeba, aliyekuwa ndiyo kwanza amerudi nyumbani baada ya uhamisho wa miaka thelathini, aliigiza kama Angelina, mama yake Sarafina, mtumishi wa nyumbani kwa Wazungu. John Kani alikuwa mkuu wa shule. Ngema naye alijipa nafasi ngumu kuliko zote, ile ya Sabela, polisi Mwafrika anayewatumikia makaburu.

Je, sinema iliongeza nini? Kwanza, iliwapeleka watazamaji Soweto yenyewe. Jukwaani nyumba na barabara hukisiwa tu. Katika sinema tunaviona vumbi, mabati na moshi. Pili, ilituwezesha kuwa karibu na uso wa mtu. Pale Sarafina anapokwenda kumtazama mama yake jikoni mwa Wazungu, hakuna ngoma wala maandamano. Pana wanawake wawili tu, mmoja akidhani mwenzake amekubali utumwa, mwingine akijua kwamba utumishi ule ndio uliomlisha huyo anayemdharau. Baadaye, akiisha kuteswa gerezani, Sarafina anarudi kwa mama huyo huyo na kumwona kwa macho mapya. Jambo dogo kama hilo lingeweza kupotea katika jukwaa lenye vijana wengi. Kamera ililikuta na kulishika.

Tatu, na hili ndilo kubwa kwa wasomaji wetu, sinema ilimweka mwalimu wa historia katikati ya kisa. Mary Masombuka anawafundisha wanafunzi mambo yasiyomo katika muhtasari wa serikali. Anawaambia kwamba watu wao walikuwa na historia kabla ya kuja kwa wageni. Kwa kosa hilo anakamatwa mbele ya darasa, na anafia kizuizini. Mwalimu anayesoma maneno haya, akiwa na chaki mkononi na kitabu kilichochakaa mezani, aone kwamba kazi anayoifanya bila hofu leo wako walioifanya kwa kuhatarisha roho zao.

Lakini sinema ilipunguza pia. Jukwaani shujaa ni kundi. Sarafina yumo ndani ya kundi kama mwimbishaji alivyo ndani ya ngoma: anaanza yeye, wengine wanapokea, naye akichoka mwingine anashika. Sinema ilipenda shujaa mmoja na mwalimu mmoja, na kumpa mwalimu huyo sura ya mgeni mashuhuri ili ipate soko ng'ambo. Hatusemi kwamba mwigizaji huyo hakufanya kazi yake vyema. Tunasema tu kwamba historia ya wengi ilianza kufanana na historia ya wachache, na hiyo ni hatari inayoikabili sinema yoyote ya historia, pamoja na zile tutakazozitengeneza sisi.

Tena, jukwaa lina siri yake. Mtu akiuawa jukwaani huinuka akaungana na wenzake katika wimbo unaofuata, na watazamaji hawashangai, kwa sababu tangu mwanzo wamekubali kwamba hapa tunacheza ili tukumbuke. Katika sinema damu huonekana damu kweli kweli, na moto moto kweli kweli. Sabela anapochomwa na wanafunzi, tunaona mwili wa mtu unaungua. Ngoma inayofuata baada ya tukio la namna hiyo inakuwa nzito kuipokea. Wako waliouliza inawezekanaje watu wacheze baada ya hayo. Kwa maoni yetu swali hilo ni zuri, na sinema ilifanya vyema kutuacha nalo. Inamwonyesha Sarafina akitambua kwamba polisi yule alikuwa adui lakini alikuwa pia mtu, na kwamba mkono uliowasha kibiriti hauwezi kurudi ulivyokuwa. Vita vya haki navyo huacha doa mikononi, na historia inayoficha doa hilo inawadanganya vijana.

Soweto na Kilolo

Msomaji asidhani kwamba kisa hiki ni cha watu wa mbali. Baada ya mwaka 1976 vijana wengi wa Afrika Kusini walikimbia nchi yao, na Tanzania iliwapokea. Huko Mazimbu, Morogoro, katika shamba la zamani la mkonge, chama cha ANC kilijenga shule iliyoanzishwa mwaka 1978 na kupewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu tarehe 6 Aprili 1979. Waliokuwa wamekataa kufundishwa kwa Kikaburu walisoma katika ardhi yetu. Mwaka 1992, mwaka ule ule ambao sinema ya "Sarafina!" ilitoka, shule hiyo ilikabidhiwa kwa serikali ya Tanzania, nayo sasa ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo.

Kilolo yenyewe ina sehemu yake. Huko Mgagao, katika miinuko yenye baridi na ukungu, palikuwa na kambi ya wapigania uhuru katika miaka ya 1970. Wapiganaji wa ZANU kutoka Zimbabwe walifunzwa pale, na mwaka 1975 maofisa wao walitoa pale pale tamko maarufu la Mgagao, lililobadili uongozi wa chama chao. Hivyo watoto wa Kilolo wanapoimba nyimbo za ukombozi wa kusini hawaazimi mali ya watu. Wanaimba habari ambazo wazazi wao walizilipia kwa chakula, kwa ardhi na kwa kunyamaza siri. Kasoro ni kwamba hakuna aliyewaambia hivyo. Wanaujua wimbo, hawaijui njia iliyoufikisha.

Yetu wenyewe

Sasa turudi kwa swali la mzee. Tarehe 17 Agosti 1891 jeshi la Wajerumani likiongozwa na Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimwita Nyundo, lilishambuliwa ghafula huko Lugalo na majeshi ya Mkwawa. Zelewski aliuawa pamoja na sehemu kubwa ya askari wake. Miaka mitatu baadaye, tarehe 30 Oktoba 1894, Wajerumani waliivunja ngome ya Kalenga kwa mizinga. Mkwawa alipigana vita vya kuvizia hadi tarehe 19 Julai 1898, alipojiua huko Mlambalasi badala ya kukamatwa. Kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Kurudishwa kwake kukatajwa katika mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246. Na fuvu likarudi Kalenga mwaka 1954. Nani anayeweza kutuambia kwamba kisa hiki hakifai jukwaa wala sinema?

Na kwa kweli watunzi wetu hawakulala. Ebrahim Hussein alitunga "Kinjeketile" mwaka 1969, juu ya vita vya Maji Maji. Mugyabuso Mulokozi alimwandikia Mkwawa tamthilia ya "Mukwava wa Uhehe", iliyochapishwa mwaka 1979. Amandina Lihamba, Penina Muhando na Ndyanao Balisidya walitoa "Harakati za Ukombozi" mwaka 1982. Kwa upande wa picha, mwaka 2011 Seko Shamte alitengeneza filamu ya "Mkwawa: Shujaa wa Mashujaa". Kazi zipo. Kilichokosekana ni kile kiungo tulichokiona Afrika Kusini: mchezo wa nyimbo unaotoka jukwaani ukaingia katika sinema ukiwa na nyimbo zake, kisha ukarudi vijijini na kuimbwa na watoto.

Sababu ziko nyingi. Sinema ni ghali, na Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi miaka ya 1990. Vitabu vya tamthilia vilisomwa kwa ajili ya mtihani, na mtihani ukiisha vikafungwa. Lakini iko sababu nyingine ambayo sisi watumishi wa serikali hatuna budi kuikiri wenyewe. Mara tu baada ya nchi kuwa Jamhuri mwaka 1962, Mwalimu Nyerere aliunda wizara ya kushughulikia utamaduni wa taifa na vijana, akisisitiza kwamba taifa lisilo na utamaduni wake halina roho. Sisi tuliofuata tuliupokea wito huo, lakini mara nyingi tuliigeuza ngoma kuwa pambo la kupokelea wageni. Tuliwaita wachezaji wasimame juani tangu asubuhi, tukawapa dakika tano kabla ya hotuba, kisha tukawashukuru na soda. Hatukuwauliza wimbo ule unasema nini, ulitungwa lini, wala unamkumbuka nani. Tuliitunza miguu, tukaliacha neno likapotea. Mwandishi wa makala haya ameandaa sherehe za namna hiyo kwa mkono wake, na anaandika haya akijua hivyo.

Mali yenyewe bado haijakwisha. Wahehe wana ligombo, chombo cha nyuzi kilichotumika kuimbia habari za watawala na vita. Hugh Tracey alizirekodi nyimbo zake mwaka 1950 alipopita Iringa. Inasemwa hata jina la Wahehe lilitokana na ukelele wao wa vita, na kama ndivyo, basi watu hawa walipata jina lao kutokana na sauti. Mtunzi atakaye kuijenga Lugalo jukwaani hana haja ya kukopa mbaqanga. Aanze na ligombo, na ukelele, na nyimbo za kina mama.

Tahadhari tatu

Hata hivyo, haifai tukimbilie kutunga kabla ya kufikiri. Tunaona tahadhari tatu.

Ya kwanza ni kutofautisha mchezo na kumbukumbu. Hussein, katika utangulizi wa "Kinjeketile", aliwaeleza wasomaji wake wazi kwamba mtu wa tamthilia si nakala ya mtu wa historia. Mwalimu awafundishe wanafunzi kuuliza: hapa mtunzi amefuata tukio, na hapa amebuni; kwa nini amebuni? Mwanafunzi anayeuliza hivyo amepata masomo mawili kwa wakati mmoja.

Ya pili ni kuwa wakweli juu ya ndugu zetu. Askari wengi waliokufa Lugalo pamoja na Zelewski hawakuwa Wazungu. Walikuwa Waafrika waliokodiwa Sudani na Msumbiji. Wasangu wa Merere, jirani zetu wa upande wa Mbeya, walikuwa wamenyang'anywa nchi yao na Wahehe, na waliposhirikiana na Wajerumani walikuwa na kisa chao. Mchezo wa Lugalo utakaowafanya Wahehe wote malaika na Wasangu wote wasaliti utamfurahisha mtu wa Iringa na kumchukiza mtu wa Usangu, nao hautakuwa mchezo wa taifa. Tujifunze kwa Ngema, ambaye alichukua nafasi ya Sabela mwenyewe. Alijua kwamba ukitaka kumwelewa anayetumikia adui, huna budi kuvaa sare yake na kusimama mahali pake.

Ya tatu ni kulinda kundi. Mkwawa alikuwa mtu mkuu, lakini Lugalo haikushindwa na mtu mmoja. Walikuwapo waliovizia vichakani, waliotuma habari, wanawake waliobeba chakula, na waliozika maiti. Tukiwapa hao sauti ya kiitikio, tutapata mchezo ambao kila mwanafunzi wa darasa ana nafasi ndani yake, kama ilivyo katika ngoma.

Kazi iliyo mbele yetu

Mwalimu hahitaji kungoja fedha kutoka mjini. Katika muhula mmoja anaweza kuwatuma wanafunzi wake wawasikilize wazee, waandike nyimbo na maana zake, na majina ya mahali. Katika muhula wa pili waupange mchezo, wazee wakiitwa kuusahihisha. Katika wa tatu wauchezee pale pale penye kumbukumbu, na simu ya mkononi iliyomo mfukoni mwa mwalimu inatosha kuupiga picha kwa mara ya kwanza. Picha hiyo haitafika Broadway, lakini itakuwa imeihifadhi sauti ya mzee ambaye mwakani huenda asiwepo. Nao watakaokuja baadaye, wenye kamera kubwa na mafunzo makubwa, watakuta mahali pa kuanzia. Chuo cha sanaa cha Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981, kimefundisha wasanii wengi. Ni jambo jema wakikuta vijijini malighafi iliyokusanywa vizuri.

Wala hatusemi kwamba watoto waache kuimba "Sarafina!". Waendelee. Waimbe wakijua kwamba Hector Pieterson alikuwa na umri wa wadogo zao, kwamba wenzake walipata madawati Mazimbu, na kwamba njia ya uhuru wa kusini ilipita Mgagao. Mtoto aliyejua kumlilia mwenzake wa Soweto ana moyo ulio tayari kuwalilia wahenga wake wa Lugalo. Moyo huo tumepewa bure, na jukumu la kuujaza ni letu.

Yule mzee tulimsindikiza hadi njia panda. Alikuwa akiimba polepole kwa Kihehe wimbo ambao hata sisi hatukuufahamu wote. Tulimwomba aurudie, tukatoa daftari. Akacheka, akasema, "Leo jua limekwisha. Njooni na wale watoto." Ahadi hiyo tunaiandika hapa mbele ya wasomaji, ili atakayetukuta hatujaitimiza atuulize.